Barua ya wazi: Yapangieni malori mazito njia zake, myatoe kwenye mitaa ya Temeke

Kwa: Wote wenye dhamana ya barabara, bandari, ardhi na usalama barabarani katika Mkoa wa Dar es Salaam

Yah: Malori ya makontena na ya mafuta katika mitaa ya makazi

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa mkazi wa Temeke, upande wa mitaa iliyobanwa kati ya Barabara ya Mandela, Barabara ya Kilwa na Barabara ya Nyerere. Watu wa Keko, Chang'ombe, Kurasini, Mtoni na Tandika watanielewa bila maelezo mengi. Kwa asiyefika huku: ni mitaa ya nyumba za kupanga, misikiti na makanisa, shule za msingi, madrasa, vibanda vya chipsi na maduka ya Mangi. Njia zake nyingi ni nyembamba kiasi kwamba magari mawili madogo yakikutana, mmoja hurudi nyuma au hupanda kwenye ukingo wa mtaro. Katika njia hizo hizo, mchana na usiku, zinapita semi, yaani malori marefu ya kichwa na tela, zenye makontena ya futi 40.

Ombi langu nalitaja mapema. Malori mazito yapangiwe njia zake na mahali pake pa kusubiri, na wa kwanza kuwajibishwa awe yule anayeyaita mtaani, yaani mwenye yadi ya makontena na mwenye mzigo. Dereva aje baada yao. Mengine yote katika barua hii ni sababu za ombi hilo, pamoja na njia ambazo naamini zinawezekana bila kusubiri bajeti kubwa.

Kontena la futi 40 lina urefu wa zaidi ya mita 12 na upana wa karibu mita 2 na nusu, kabla hujaongeza kichwa cha gari. Gari la urefu huo likikata kona, matairi ya nyuma hayafuati njia ya matairi ya mbele. Yanakata kwa ndani. Dereva hodari hulijua hilo, naye huanza kwa kutanua upande wa pili wa barabara ili tela lipate nafasi ya kupinda. Kwenye Barabara ya Mandela nafasi hiyo ipo. Mtaani haipo, kwa hiyo tela hupita juu ya mfuniko wa mtaro, juu ya kalvati, kwenye pembe ya ukuta wa mtu au kwenye meza ya mama anayeuza mboga. Ndiyo maana ukitembea mitaa yetu utaona kona zote zimelika upande mmoja, mifuniko ya zege imezama na kuta zimezibwa kwa matofali ya rangi tofauti. Si uzembe wa madereva wote. Gari lile halikutengenezwa kwa njia ile, na hata dereva bora kuliko wote nchini hawezi kulipinda bila kugusa kitu.

Kisha kuna uzito. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, gari na mzigo wake kwa pamoja havizidi tani 56, na ekseli moja, yaani mhimili mmoja wa magurudumu, yenye matairi manne haizidi tani 10. Barabara kuu zimejengwa kwa hesabu hiyo, na kule nje ya jiji kuna mizani, kama ile ya Vigwaza, ya kulinda lami. Barabara za mitaa hazikujengwa hivyo. Tabaka zake za chini ni nyembamba na lami yake ni ya kubeba bajaji, daladala ndogo na gari la taka. Wahandisi wenu wanayajua vizuri majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, ambayo bado ni msingi wa usanifu wa barabara: uharibifu hauongezeki sambamba na uzito. Ekseli ikiwa na uzito mara mbili, huumiza barabara takriban mara 16. Kwa hesabu hiyo, ekseli ya tani 10 inaiumiza barabara kama mara 10,000 ya ekseli ya gari dogo yenye tani moja. Nawaomba wenye kushika fungu la matengenezo waitazame namba hiyo. Tukiruhusu semi chache kila siku kwenye mtaa uliowekewa lami juzi, tumeitumia lami ile kwa niaba ya wakazi wote, nao hawatapata nyingine kwa miaka mingi.

Na lami hiyo tuliingoja sana. Kupitia mradi wa kuboresha jiji, DMDP, ulioanza mwaka 2015 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, mitaa kadhaa ya Temeke ilipata barabara, mitaro na taa ambazo wazee wetu hawakuwahi kuziona. Mkopo huo utalipwa na Watanzania wote, wakiwamo wa Tandahimba na Kasulu ambao hawajawahi kukanyaga Keko. Kuiacha barabara ya mkopo ivunjwe na makontena ndani ya miaka michache ni kuwakosea hata wao.

Lakini siandiki kwa ajili ya lami peke yake. Asubuhi, saa kumi na mbili, kabla jua halijatoka sawasawa, watoto wa darasa la kwanza na la pili wanatembea kwenda shule. Hawana njia ya waenda kwa miguu, kwa sababu pale ilipo pameegeshwa matela. Wanapita kati ya tela na tela, wanachungulia, wanakimbia. Dereva wa lori kubwa amekaa juu, na mbele ya bampa lake kuna eneo ambalo mtoto mfupi akisimama haonekani kabisa. Upande wa abiria hali ni mbaya zaidi. Mzazi anaweza kumfundisha mtoto kuangalia kulia na kushoto, lakini hawezi kumfundisha kuonekana. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Jiji letu linajua la kufanya: mradi wa usalama barabarani kuzunguka shule za msingi za Dar es Salaam, ulioendeshwa na shirika la Amend, ulitunukiwa tuzo ya kimataifa ya miji mwaka 2019 kwa vitu vya kawaida kabisa, yaani njia za miguu, matuta, alama, na geti la shule kuhamishiwa upande salama. Huwezi kuweka tuta na kivuko mbele ya shule, halafu nyuma ya shule ukaacha foleni ya semi.

Miezi iliyopita tulipata msiba mtaani. Jeneza lilipotoka nyumbani kuelekea msikitini, njia ilikuwa imezibwa na malori mawili yaliyokutana uso kwa uso, hakuna wa kurudi nyuma kwa sababu nyuma yake kuna wengine. Wanaume waliinua jeneza juu ya vichwa na kupita nalo ubavu ubavu kati ya tela na ukuta wa nyumba, wengine miguu ndani ya mtaro. Madereva wenyewe walishuka, wakavua kofia, mmoja akaja kusaidia kubeba. Hakuna aliyegombana. Niliwaza siku ile: maiti anaweza kusubiri. Mama mwenye uchungu wa kujifungua aliyewekwa kwenye bajaji usiku hawezi. Moto wa jikoni hausubiri. Gari la zimamoto likiitwa kwenye mtaa wenye foleni ile litafika hadi barabara kuu na kuishia hapo.

Nalitaja la moto kwa makusudi, kwa sababu si makontena tu. Malori ya mafuta nayo huegesha mitaani yakisubiri zamu ya kupakia au karatasi za safari. Agosti 10, 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka kisha likalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafariki. Nchi nzima ililia. Pale ilikuwa kando ya barabara kuu, penye uwazi. Mnaweza kufikiria wenyewe hali itakavyokuwa katika mtaa ambao jiko la mkaa la mkaanga samaki liko hatua chache kutoka kwenye tenki, na pa kukimbilia ni kichochoro cha upana wa mabega mawili. Kati ya yote ninayoyaomba, hili la malori ya mafuta kulala kwenye makazi halihitaji kamati wala upembuzi. Likatazwe wiki hii.

Tumefikaje hapa? Mwishoni mwa miaka ya 2000 bandari ilielemewa na makontena, meli zikawa zinasubiri nje kwa siku nyingi, na serikali ikaruhusu bandari kavu za watu binafsi, yaani yadi za kupokea makontena nje ya bandari, ili kupunguza msongamano. Uamuzi ule ulikuwa na maana yake. Meli zilipata nafasi. Lakini mzigo ulipotolewa ndani ya ukuta wa bandari ulihamia kwenye viwanja vya karibu, na viwanja vya karibu ndivyo hivi vya Temeke. Zikafuata yadi za kuhifadhi makontena matupu, yadi za kuegesha, gereji za malori, kila kiwanja kilichouzwa na familia iliyochoka na vumbi kikizungushiwa ukuta na kuwekewa geti. Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 inataka mabadiliko ya matumizi ya kiwanja yaombewe kibali. Nawaomba wa idara za ardhi mlipitie upya kila geti lililofunguka kwenye mtaa wa makazi, na orodha ya vibali ibandikwe kwenye ofisi za serikali za mitaa, wakazi waone ni yadi ipi ina kibali cha nini.

Najua mtakachojibiwa na wenye biashara, na lina ukweli ndani yake. Bandari hii inalisha nchi, tena inalisha majirani: shaba ya Zambia na Kongo inapita hapa, mbolea ya Malawi, bidhaa za Burundi na Rwanda. Hata mtaani kwetu malori yana watu wake. Mama lishe anauza wali na maharage kwa madereva na utingo, fundi pancha anaishi kwa matairi yao, kijana wa bodaboda anawapeleka kutafuta vocha na dawa. Nimeongea na wengi wao. Na madereva wenyewe hawapendi kukaa pale. Wanalala chini ya tela kwa siku kadhaa, hakuna choo, hakuna bafu, wanaibiwa dizeli na betri usiku, kisha asubuhi wanaamshwa na askari kutozwa faini kwa kuegesha mahali ambapo waliambiwa na bosi wakae mpaka wapigiwe simu. Kwa hiyo mtu asiisome barua hii kama ugomvi wa wakazi na madereva. Wao na sisi tunaumizwa na jambo moja, kwamba hakuna aliyetenga mahali pa lori kusubiri.

Hapo ndipo naona faini zetu zinapokosea njia. Askari akimkamata dereva mtaani, dereva analipa au bosi analipa, na lori linaendelea na safari ile ile kwa sababu geti linaloliita bado liko pale pale, na njia ya kwenda getini ni moja. Kesho linakuja jingine. Lakini kila lori linaloingia kwenye yadi huandikwa getini: namba ya gari, saa ya kuingia, kontena gani, mzigo wa nani. Daftari lile ni ushahidi kuliko operesheni yoyote ya kukamata. Tena bandari kavu hazifanyi kazi bila leseni, na leseni huhuishwa kila mwaka. Basi sharti liwe ndani ya leseni. Mwenye yadi aonyeshe kwenye ramani njia ambayo malori yake yatapita, na njia hiyo iwe imekubaliwa na wenye dhamana ya barabara hizo, TANROADS kwa zile kuu na TARURA kwa za mitaa. Aonyeshe ndani ya ukuta wake nafasi ya kusubiria inayotosha malori anayoyaita kwa siku. Asiite lori kabla zamu yake haijafika. Simu za mkononi zipo, mfumo wa kupangiana saa si jambo gumu. Akionekana foleni yake imetoka nje ya geti na kuziba mtaa, anaonywa kwa maandishi, na onyo linawekwa kwenye jalada litakalofunguliwa siku ya kuomba leseni mpya. Yadi ambayo haina njia isipokuwa kupita katikati ya makazi ipewe muda wa kuhama, muda wa haki, lakini wenye tarehe.

Siombi malori yapigwe marufuku kwa amri ya ghafla. Manila, nchini Ufilipino, walijaribu Februari 2014: jiji likazuia malori kutembea mchana. Mzigo ukarundikana bandarini, bei zikapanda, meli zikakosa pa kushushia, na Septemba mwaka huo huo amri ikaondolewa. Malori yakarudi kama mwanzo, na waliokuwa wamelalamika wakawa hawana tena wa kuwasikiliza. Nisingependa tufike huko. Ndiyo maana natanguliza njia na maegesho kabla ya katazo. London wamekuwa na utaratibu wa kudhibiti malori makubwa usiku na mwisho wa wiki tangu miaka ya 1980, na unadumu kwa sababu dereva anajua barabara zipi zimeruhusiwa na akitaka kutoka nje ya hizo lazima awe na kibali. Halmashauri zetu zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura 288, kwa hiyo utaratibu wa namna hiyo hauhitaji kusubiri Bunge.

Kuna jambo dogo la chuma na zege ambalo lingeleta nafuu mapema. Kwenye midomo ya mitaa isiyo na yadi yoyote, ambako malori hupita kwa kukwepa foleni tu, wekeni nguzo mbili na boriti juu yake kwa urefu wa mita 3 na nusu hivi. Kontena lililo juu ya tela huzidi hapo. Magari mengi ya zimamoto, ya taka na ya wagonjwa hupita chini yake, na boriti iwe ya kufunguka, ufunguo ukae kwa mwenyekiti wa mtaa na kituo cha polisi cha karibu. Kizuizi hicho hakitazuia tela tupu, hilo nalijua. Kwa matela matupu itabidi saa na alama. Lakini boriti inalinda mtaa hata usiku wa manane, wakati hakuna askari. Ombi moja hapo: msiziweke kabla hamjakagua mtaa wa jirani, maana lori lililozuiwa kwetu likihamia kwa wenzetu wa Mtoni tutakuwa hatujafanya kitu.

Kwa muda mrefu zaidi, jibu liko kwenye reli, na nashukuru kwamba kwa upande huo serikali imekwisha kuanza. Bandari Kavu ya Kwala, mkoani Pwani, ilizinduliwa Julai 31, 2025, kilomita kama 90 kutoka bandarini, na nchi jirani zimetengewa maeneo yao pale. Reli ya kisasa imeanza kubeba mizigo. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia iliyojengwa miaka ya 1970 kwa ajili ya kubeba takriban tani milioni 2 kwa mwaka, imekuwa ikibeba sehemu ndogo tu ya kiasi hicho kwa miaka mingi, na sasa kuna mpango wa kuifufua. Haya ni mambo makubwa. Wasiwasi wangu ni kwamba Kwala inaweza kujaa na yadi za Temeke zikabaki vile vile, kwa sababu hakuna aliyeandika popote kwamba kontena linalokwenda Lubumbashi au Ndola halina tena sababu ya kupita Keko. Naomba iandikwe. Kila awamu ya mzigo unaohamia Kwala iambatane na idadi ya yadi zinazofungwa au kupunguzwa kwenye makazi, itangazwe kwa majina ya mitaa, ili mkazi wa kawaida ajue mtaa wake uko kwenye awamu ya ngapi.

Na hewa tunayoivuta? Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu mwaka 2012. Lori linalosubiri na injini ikinguruma chini ya dirisha la chumba cha kupanga, ambamo familia nzima inalala, halipaswi kusubiri mpango wa miaka mitano. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ipo, kanuni za kelele na mitetemo zipo. Njooni mpime. Wakazi watafungua milango.

Mwisho naomba jibu, na naomba lije kwa njia ya mkutano wa hadhara mtaani, si kwa tamko la kwenye televisheni. Aje mhandisi wa barabara za mitaa, aje wa mipango miji, aje wa usalama barabarani, waitwe wenye yadi na wawakilishi wa madereva, tukae pamoja na ramani mezani. Tutaonyesha kona zilizovunjika, shule zilipo, mageti yalipo, na barabara ambazo sisi wenyewe tunaona zinafaa kuachiwa malori, kwa kuwa zipo. Mkutano uanze asubuhi siku ya kazi, na wageni wafike mapema kabla ya saa moja, watembee kwa miguu kutoka barabara kuu hadi shuleni pamoja na watoto. Wakazi tuko tayari kwa tarehe yoyote mtakayoipanga.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa Temeke, Dar es Salaam